Kuchagua Kemshafti ya Shemeji

Mwezi wa saba, baridi ya huku Mpemba hukaa ndani ya chuma. Ukishika spana asubuhi vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo kazi ya kupima nilikuwa naianza jua likishapanda juu ya malori. Nasema juu ya malori kwa sababu gereji yetu iko kando ya barabara kuu, na foleni ya kwenda mpakani ikirefuka, matela ndiyo yanayokuwa ukuta wetu. Mchana kutwa breki za upepo zinapumua, honi zinalia, madereva wanagombezana wasogee. Mtu asipoitika ukimwita, unamsamehe. Unamfuata alipo, unamgusa bega.

Juu ya benchi palikuwa na jozi mbili za kemshafti, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Zililetwa na dereva wa lori kutoka kusini. Tulimwagiza jozi moja akaleta mbili, kwa sababu muuzaji alimuuliza ndogo au kubwa, naye hakujua. Tulikubaliana tuchague, ile nyingine irudi naye akishuka tena.

Gari lilikuwa la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni gari dogo la Kijapani, saluni ya silinda sita, ambayo tuliivua viti vya nyuma, zulia na kila kilichokuwa na uzito bila kazi, kisha tukaifunga tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kishindilie hewa zaidi ndani. Kazi yake ni moja: kukimbia mita mia nne kwa mstari ulionyooka, ubavuni mwa gari jingine, kisha kusimama. Watu wa pande zote mbili za mpaka hukutana kwa mchezo huo ng'ambo, kwenye uwanja wa ndege wa zamani ambao ndege hazitui tena. Mimi natengeneza, shemeji anaendesha. Ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya masafa marefu, na alipoyaacha hakurudi kulima kahawa kijijini kwao Hasamba kama ndugu zake walivyotegemea. Mke wake alikuwa ameshafariki. Watoto wake wako mijini, wanapiga simu sikukuu. Alikuwa na lile gari, na kwenye lile gari alikuwa na kile kiti cha dereva. Sijui kama kuna kitu kingine kilichomtoa kitandani.

Kwa asiyejua, kemshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu. Inazunguka juu ya injini, na kila nundu ikifika chini inasukuma valvu ifunguke. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke kiasi gani na ikae wazi muda gani. Injini yetu ina kemshafti mbili, moja ya hewa inayoingia na nyingine ya moshi unaotoka, na kuna kipindi kifupi ambacho valvu za pande zote mbili zinakuwa wazi pamoja. Hapo ndipo penye uamuzi. Kwenye injini isiyo na tabo, kipindi hicho kikiwa kirefu kinasaidia: moshi unapokimbia nje unaivuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye injini yenye tabo ndogo kama yetu, moshi unakuta njia imezibwa na tabo yenyewe, na presha yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya hewa inayoingia. Valvu zikikaa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi unarudi ndani. Unapoteza nguvu na kuongeza joto.

Nilisoma hadi darasa la saba, kijijini kwetu Ndalambo. Haya mengine nimeyapata kwenye vitabu vya ufundi vinavyosahaulika ndani ya magari yaliyotumika, kwenye simu, na kwenye injini nilizozifungua baada ya kufa. Sikuwa na shaka. Jozi ndogo, inayoacha valvu wazi kwa nyuzi mia mbili sitini na nne za mzunguko, ndiyo iliyotufaa. Ile kubwa, ya nyuzi mia mbili themanini, ilitaka tabo kubwa zaidi, nozeli kubwa zaidi za petroli, na mizunguko ambayo pistoni zetu zisingeivumilia. Pamoja na ile ndogo tungefunga springi ngumu zaidi za valvu, gasketi ya chuma ya hedi, kile kichwa cha injini, na pampu ya mafuta ambayo tayari nilikuwa nayo. Basi.

Shemeji alizifungua karatasi zote mbili, akapitisha kidole gumba kwenye nundu, akaiweka ndogo pembeni.

“Hii ni ya harusi,” alisema.

“Ya harusi kivipi?”

“Ya kumbebea bibi harusi. Gari halitikisiki, gauni halichafuki. Mimi nipe hii kubwa.”

“Shemeji, hiyo si ya tabo.”

“Kwenu Ndalambo mlianza lini kufuga tabo?”

“Kwetu tunapima kwanza, ndipo tunakata.”

“Ndiyo maana nyumba zenu zinakaa miaka hazina paa!” Alicheka peke yake, kwa sauti kubwa, hadi dereva mmoja kwenye foleni akachungulia.

Sikushangaa sana. Karibu na mpaka gari la mashindano huchaguliwa hivyo. Injini yenye kemshafti kubwa haitulii ikiwa imesimama; inakohoa, inatikisa bodi nzima, kioo cha pembeni kinatetemeka usione kitu. Watu wanakusanyika. Nimeona vijana wakifunga kemshafti kubwa kwenye injini dhaifu, wakashindwa na gari la mwalimu, na bado wakasifiwa jioni nzima kwa ule mtikisiko. Nilidhani shemeji naye ametamani sifa hiyo. Nikamwomba kitu kimoja: nifunge ndogo kwanza, aisikilize, halafu aseme.

“Funga,” alisema. “Hata kesi ya mwizi inasikilizwa.”

Kazi ilikwenda polepole kwa sababu sipendi kukisia. Nililipachika kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, bamba la duara nililolichora nyuzi mwenyewe, nikaipata sehemu ya juu kabisa ya pistoni, nikapima valvu zinafunguka wapi na kufunga wapi. Ili kujua kama valvu haigongi pistoni, unaweka kitu laini juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha injini kwa mkono, unafungua tena na kupima unene uliobaki. Wenzetu wanatumia udongo maalumu. Mimi natumia unga wa ngano uliokandwa na mafuta, na siku hiyo nilikuwa nimeuomba jikoni, umebaki wa chapati.

“Shemeji anapika ndani ya injini,” alisema akinitazama. “Mwambie dada yangu asikusubiri chakula.”

Unene ulitosha. Nikafunga hedi, nikabana boliti kwa mpangilio, nikajaza oili. Nikaiwasha.

Ilitulia mara moja. Kwa fundi hakuna sauti nzuri kama ile, maana karibu si sauti. Ni mvumo tu, kama maji ya sufuriani yanayokaribia kuchemka. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono mfukoni, macho kwenye injini. Nje, lori moja lilikuwa linasogea. Nilitoka kwenye kiti, nikasimama upande wa pili nikimngojea aseme.

Alisubiri. Kisha akainua kidevu.

“Haya, washa basi.”

Nikacheka. Nilijua ni utani, kwamba anasema kemshafti yangu ni tulivu mno. Lakini yeye hakucheka. Alinitazama, akatazama mkanda wa feni unavyozunguka, na hapo nikaona uso wake unabadilika. Alitoa mkono mfukoni akauweka juu ya mfuniko wa injini, kiganja kizima. Akauacha hapo kidogo.

“Nakutania,” alisema. “Unaona? Ya harusi.”

Akachukua bisibisi ndefu kutoka benchi, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, kama tunavyofanya sote tukitafuta mlio wa ndani. Alisikiliza upande wa kushoto, akasikiliza upande wa kulia. Nilijifanya natafuta kitambaa. Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kusikiliza hivyo. Mashindano ya mwaka uliotangulia, mafuta yalikuwa mabaya na injini ikaanza kugonga katikati ya mbio, ule mlio mkavu kama njugu zinazokaangwa, unaokuja kabla pistoni haijatoboka. Aliusikia akiwa ndani ya kofia ngumu, na tabo inapiga mluzi, akaondoa mguu. Aliiokoa injini kwa sikio. Kumbe lilikuwa linaelekea mwisho.

Kumwambia nisingeweza. Huku kwetu mume wa dada hazungumzi na kaka mkubwa wa mke wake juu ya mwili wake, si ugonjwa, si uzee. Tunaweza kutaniana juu ya vyakula na nyumba na makabila kutwa nzima, lakini hilo halisemwi. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yao nilipopeleka mahari. Jambo kama hilo linapita kwa dada yake.

Nikamweleza mke wangu wakati tunachambua maharage. Hakushtuka.

“Kanisani anaimba nyuma ya wenzake,” alisema. “Watu wakimaliza ubeti yeye bado. Na ukienda kukaa naye anakuweka upande wa kushoto.”

“Tangu lini?”

“Mimi nilidhani unajua. Mko pamoja kutwa.”

“Kule kuna malori.”

“Malori,” alisema, akatupa punje mbovu.

Alikwenda kwa kaka yake siku ya pili, baada ya ibada. Nilimsubiri nyumbani na sikufanya kazi yoyote. Aliporudi alivua kitenge cha mabegani, akakikunja vizuri sana, zaidi ya ilivyohitajika.

“Amesema umfungie ile kubwa.”

“Ni hilo tu alilosema?”

“Nilimwambia kaka, hospitali wanapima masikio, twende wote. Akasema amekwenda zamani, wakamwambia mishipa imekufa, haifufuki. Halafu akasema mwambie mumeo afunge ile kubwa.”

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anachagua. Injini inayotikisika ingemfikia kupitia kiti, usukani na nyayo. Ile tulivu kwake ilikuwa gari lililozimika. Nilikuwa nimepima nundu, springi na presha. Sikuwa nimempima dereva.

Niliifungua tena. Kabla sijaifunga ile kubwa nilijaribu njia nyingine. Nilitafuta taa ndogo nyekundu inayounganishwa na waya wa mizunguko, inayowaka muda wa kubadilisha gia ukifika. Nilimwonyesha kama kitu cha kisasa tu, kila gari jipya linacho. Mshale wa mizunguko upo mbele yake, lakini kwa mwendo ule macho ya dereva hayatoki barabarani. Shemeji aliigeuza ile taa mkononi.

“Wakiniona na hii watauliza ni ya nini.”

“Utawaambia ni urembo.”

“Wewe ukiona mzee amevaa hereni, unasema ni urembo?” Akanirudishia.

Nikafunga kubwa. Nilirudia vipimo vyote. Unga safari hii ulibaki mwembamba, lakini ulitosha. Waya wa taa niliokuwa nimeshautandaza niliukata, nikaukunja vizuri nyuma ya dashibodi. Nilipowasha, gari zima lilitikisika, spana zikacheza juu ya benchi. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Alifumba macho. Nilimwona anatabasamu, tabasamu la mtu anayerudishiwa kitu chake, na sikulifurahia.

Alipofumbua macho alisema, bila kunitazama, “Na presha ya tabo shusha.”

Miaka yote niliyomfanyia kazi hakuwahi kusema neno hilo. Sikuzote alikuwa wa kuniomba niongeze kidogo, na mimi wa kukataa. Injini yenye presha ndogo haigongi kirahisi, na isiyogonga haihitaji dereva wa kuisikiliza.

“Nishushe kiasi gani?”

“Wewe ndiye unayepima.”

Nikashusha hadi mahali ambapo hata kwa mafuta mabaya isingegonga. Nikaongeza petroli kidogo kwenye mchanganyiko ipoe. Nilijua nilichokuwa natengeneza: gari zito la kuondoka, lenye kemshafti isiyo yake, ambalo lingeshindwa. Yeye pia alijua. Tulifunga boneti.

Tulilipakia kwenye trela la rafiki yake wa zamani wa barabarani, tukavuka mpaka. Uwanja ulikuwa mkavu, nyasi zimechomwa pembeni, jivu linapeperuka juu ya lami. Watu walikuwa wengi. Shemeji alipowasha walikuja kama nilivyotegemea. Mzambia mmoja wa makamo, anayetufahamu, aliweka mkono juu ya paa akaucheka mtetemeko.

“Ba mudala! Iyi motoka ina malaria!” Kwa lugha yao mudala ni mzee.

Shemeji alimwona anacheka, naye akacheka. “Hujaona kitu!” alijibu. Jibu lilifaa. Majibu yake mengi, nilianza kugundua, yalikuwa ya kufaa popote.

Nilimfunga mkanda. Mpinzani alikuwa kijana mwenye gari jeupe, tulivu kabisa. Bendera ilishuka na shemeji aliondoka vizuri, kwa sababu bendera inaonekana. Gia ya kwanza aliibadilisha kwa wakati. Nikapumua.

Kuna jambo nililolijua kwenye karatasi na sikulifikisha mahali lilipotakiwa. Kemshafti kubwa inatikisa injini mizunguko ikiwa chini. Ikipanda, hewa inapata mwendo wake, kila kitu kinanyooka, na mtikisiko unaisha. Huko juu injini inayokohoa na ile ya harusi mwilini ni sawa. Kinachokuambia imefika wapi ni sauti tu. Na gia hubadilishwa huko juu.

Gia ya pili ilipanda, ikapanda, ikafika kwenye kikomo. Injini ikaanza kujikata moto yenyewe ili isivunjike. Tata-tata-tata-tata, ilisikika uwanja mzima. Watu walipiga kelele. “Gia! Gia, mudala!” Gari jeupe lilikuwa limeshapita. Yeye alikaa humo ndani, mguu umekanyaga hadi mwisho, gari linalia na haliendi mbele zaidi, na kutoka nilipokuwa niliona kofia yake imetulia, haigeuki. Sijui aligunduaje. Labda aliona lile jingine linavyozidi kumwacha. Alibadilisha gia karibu na mwisho, na akavuka mstari taratibu, kama mtu anayeingia uani kwake.

Aliporudi, yule Mzambia hakuwa na utani tena. Alinitazama mimi, akagusa sikio lake kidogo, akainua nyusi. Niliinama nikakagua tairi. Watu waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye gari jeupe.

Shemeji alivua kofia akaiweka kwenye magoti.

“Juu huko inanyamaza,” alisema.

“Ndiyo,” nikasema, uso wangu ukiwa mbele yake ili aone mdomo. “Ikipanda inatulia.”

“Ulijua?”

“Nilijua. Sikuliunganisha.”

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Alibaki kwenye kiti mpaka tulipolivuta gari kwa winchi kupanda trelani, yeye akiwa bado ndani, mikono kwenye usukani, ingawa hapakuwa na kitu cha kuongoza.

Kurudi tulikaa kwenye kiti cha mbele cha lori: rafiki yake akiendesha, mimi katikati, yeye dirishani. Mpakani foleni ilikuwa ndefu. Rafiki yake alishuka na karatasi kwenda dirishani kwa maofisa, na baada ya muda ofisa mmoja, kijana mwenye koti zito, akaja upande wetu akiwa na kalamu.

“Shikamoo mzee. Hilo gari huko nyuma ni lako?”

Shemeji alimtazama. Nilisubiri moja ya majibu yake yanayofaa popote. Nilisubiri utani.

“Mwanangu, zungumza na shemeji yangu huyu,” alisema. “Mimi masikio yameshakufa. Sisikii.”

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa mtu asiyemjua, mimi na yeye tukiwa tumegusana bega kwa bega. Ofisa akasema pole mzee, kwa kupaza sauti, akainama anione mimi.

Nilijibu maswali kwa mpangilio. Rangi. Namba ya injini, ambayo naijua kwa kichwa. Lilitoka lini, linarudi kufanya nini, mwenye gari ni nani. Shemeji alikuwa amenigeukia. Hakuwa anamtazama ofisa hata kidogo. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

“Na dereva wake?” aliuliza ofisa. “Nani analiendesha?”

Swali hilo hakulisikia. Lakini aliniona nimesita, na akaendelea kutazama, ananingoja.

“Kwa sasa halina dereva,” nikasema.

Shemeji akageuka taratibu, akatazama mbele, kwenye foleni.